Mgongo umenishinda, daktari kaniandikia bangi: nilipie kadi au nisubiri uraia?

BintiTarime (mwanzisha mada)

Habari zenu wadau. Naomba msinipige mawe kabla sijamaliza kueleza.

Mimi ni mama wa miaka 51, naishi Lancaster, Pennsylvania. Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza. Mwezi wa tisa natimiza miaka minne na miezi tisa ya kadi ya kijani (kibali cha kuishi hapa kudumu), yaani ndipo mlango wa kuomba uraia unafunguka. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku. Wenzangu wa kazi hii mnaijua: kugeuza, kuosha, kunyanyua, kurudisha. Usiku mmoja miaka miwili iliyopita tulikuwa wawili tu korido nzima, mashine ya kunyanyulia imeisha chaji, na babu mmoja wa kilo mia na ushee akaanza kuteleza kutoka kwenye kiti. Nikamdaka. Yeye hakuanguka. Mimi nikasikia kiunoni mlio kama wa kuni kavu ukiivunja kwa goti.

Picha ya MRI ilionyesha diski mbili za chini zimetokeza na kubana neva. Maumivu yanaanzia tako la kushoto, yanashuka nyuma ya paja mpaka kidole gumba cha mguu. Yanachoma, kama mtu anapitisha waya wa moto ndani ya mfupa. Nimekula ibuprofeni za 800 mpaka nikaona choo cheusi, daktari akazipiga marufuku. Gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, inanipa usingizi kazini na kunifanya nitembee kama nimetoka kwenye busaa. Oksikodoni, kidonge cha jamii ya afyuni, nilipewa ya wiki mbili ikakatwa, maana hapa vidonge vya jamii ile vimezika watu wengi na madaktari sasa wanaviandika kwa mkono unaotetemeka. Sindano ya mgongoni ya kwanza ilinipa nafuu miezi miwili. Ya pili ilikuwa hasara tupu.

Basi mwezi uliopita daktari wa maumivu akaniuliza kama nimewahi kufikiria bangi ya matibabu. Nilicheka kwa sauti mpaka akashangaa. Mimi, mtoto wa Tarime! Nimekua nikiona askari wanashuka bondeni kwenye mto Mara na mapanga kufyeka mashamba, moshi wake tunausikia shuleni. Kwetu anayetajwa na bangi ana mwisho wa aina mbili, jela au kuokota makopo. Leo mzee wa watu mwenye miwani na tai ananieleza kwamba jimbo hili liliipitisha kisheria mwaka 2016, maumivu makali yasiyokoma yamo kwenye orodha ya magonjwa, na ataniandikia.

Nikajisajili kwenye mtandao wa idara ya afya ya jimbo. Daktari akathibitisha. Kilichobaki ni kubonyeza kulipa dola 50 ije kadi ya mgonjwa ya kununulia bangi. Hapo ndipo mkono umeganda wiki tatu sasa.

Na niseme ukweli wote. Mwenzangu kazini alinipa pipi moja ya jeli, zile zenye bangi ndani. Siku yangu ya mapumziko nikala nusu. Dakika arobaini, kimya. Nikasema hawa wazungu wanatuuzia sukari, nikala nusu iliyobaki. Nilikuwa nasonga ugali ilipopanda. Wadau, ule ugali niliusonga nadhani mwaka mzima. Baba Mwita aliingia jikoni akanikuta nimeshika mwiko nautazama kama mtu anayesoma barua. Lakini sikilizeni: nililala saa saba mfululizo. Tangu usiku wa yule babu sijawahi kulala saa saba. Niliamka nikalia, nikamwambia mume wangu ni mafua.

Maswali yangu:
Nikilipia hii kadi, uraia wangu utaguswa? Je, kuna mtu hapa ametumia kwa mgongo au neva ikamsaidia kweli, miezi si siku moja? Na la tatu, mdogo wangu yuko Mwanza, ana saratani ya shingo ya kizazi, maumivu yake ni makubwa kuliko yangu. Kasikia habari za mafuta ya bangi, anataka nimletee Desemba nikija likizo. Nifanyeje?

Mume wangu ni mzee wa kanisa. Hajui habari ya kadi. Anajua habari ya ugali tu.

---

MkulimaDodoma

Bangi ni bangi, iwe ya pipi, iwe ya kwenye gazeti. Mmekwenda ughaibuni mkarudi na majina mapya ya vitu vya zamani. Mama, rudi nyumbani ukakandwe na mafuta ya mbarika, huo mgongo utanyooka.

---

Lori18 (Erie, Pennsylvania)

Pole dada. Usimjali mkulima, hajawahi kunyanyua mtu wa kilo mia saa tisa usiku.

Mimi nitaongelea gari tu, kwa sababu ndiyo nyumba yangu. Ninaendesha malori makubwa. Kwetu madereva jibu ni fupi: kadi ya jimbo haihesabiki hata kidogo. Vipimo vyetu vya mkojo ni vya serikali ya shirikisho. Ukikutwa nayo, daktari anayesoma majibu haruhusiwi kukubali kadi kama sababu, na tangu 2020 jina lako linaingia kwenye daftari la taifa ambalo kila kampuni lazima ilifungue kabla ya kukuajiri. Kuna kijana wetu hapa alitumia mafuta ya CBD (ile sehemu ya bangi isiyolevya) ya kupaka na ya kudondoshea ulimini, chupa imeandikwa haina kilevi. Kilikuwemo. Alikaa bila usukani miezi, na kampuni haikutaka kusikia habari ya chupa.

Wewe huendeshi lori, lakini unaendesha kwenda kazini, sivyo? Pennsylvania ina kitu watu hawakijui: kosa la kuendesha ukiwa umelewa haliangalii kama ulikuwa mlevi kweli wakati ule. Damu ikikutwa na bangi au masalia yake, kesi ipo, na kadi haikuokoi. Na masalia yanakaa mwilini siku nyingi baada ya usingizi wako mtamu kuisha. Kwa mwenye kadi ya kijani, kesi ya namna hiyo si faini tu.

---

MkalimaniColumbus

Dada BintiTarime, kwanza kabisa, FUTA ile aya ya pipi. Kisha rudi usome.

Mimi si wakili. Nimekalimani kwenye ofisi za mawakili wa uhamiaji miaka minane, Kiswahili na Kifaransa, na nimekaa kiti cha pembeni kwenye usaili wa uraia mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Nitakueleza nilichokiona na kukisikia, halafu wewe utafute wakili aliyesajiliwa, si mtu wa kujaza fomu kwenye duka la kutuma pesa.

Hapa kuna serikali mbili na wewe unaombea uraia kwa ile ya juu. Jimbo limeruhusu. Shirikisho liliiweka bangi mwaka 1970 kwenye kundi la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza kuishusha hadi kundi la tatu, watu wakashangilia, lakini hata kundi la tatu bado ni dawa inayodhibitiwa. Usijenge nyumba juu ya shangwe ile.

Sasa lako. Mwombaji uraia anapimwa tabia yake ya miaka mitano, au mitatu kama ameolewa na raia. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo unaosema waziwazi kwamba kutumia, kumiliki au kufanya kazi ya bangi kunaweza kumharibia mtu sifa ya tabia njema hata kama jimbo lake linaruhusu. Hauhitaji kukamatwa. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa nalo. Watu wetu wengi husoma swali hilo wakidhani linawahusu majambazi. Halafu ofisa, kwa sauti ya upole kabisa, anauliza: una ugonjwa wowote? Unatumia dawa gani? Mtu anajibu kwa fahari kwamba daktari wake kamwandikia, na anatoa kadi. Nimekalimani hilo jibu mara moja. Nilitamani kulitafsiri vibaya, lakini nimeapa.

Na kudanganya usithubutu. Uko chini ya kiapo, na uongo peke yake unatosha kukunyima. Ndiyo maana njia ya salama ni kutokuwa na cha kuficha.

Mengine kwa haraka. Usikubali kazi kwenye maduka yale hata ya kufagia. Mwaka 2019 kule Denver wahamiaji wawili walijitokeza hadharani kwamba wamekwamishwa uraia kwa sababu waliwahi kufanya kazi kwenye biashara halali ya bangi. Kama unaishi nyumba ya ruzuku ya serikali kuu, sheria za nyumba hizo nazo haziitambui kadi. Na hiyo safari ya Desemba: unaporudi, ofisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza na kupekua simu yako, na kukiri tu mbele yake kunaweza kuanzisha kesi.

Kuhusu kujisajili bila kulipa, kujisajili si kutumia. Lakini kampe wakili alitazame kabla ya kujaza fomu. Ukishakuwa raia, hii hofu ya hadhi yako inakwisha, zinabaki za gari na kazi.

---

BintiTarime

Nimejaribu kufuta, dakika za kuhariri zimepita. Nimemwandikia msimamizi mara mbili. Kama yupo anasoma, tafadhali mkuu. Afadhali mngenipiga mawe kuliko hii baridi niliyoingiwa mgongoni, na mgongo wenyewe ndio ule ule.

Mkalimani, Mungu akubariki. Kazini nao niliuliza kwa kuzunguka. Nikaambiwa sheria ya jimbo inamkataza mwajiri kukufukuza kwa kuwa na kadi tu, lakini ole wako uingie zamu ukiwa umeathirika. Nilikuwa nimepumua. Kumbe hilo lilikuwa swali dogo kuliko yote.

---

MfamasiaOntario

Dada, mimi ni mfamasia, huku Kanada ambako matibabu haya yalianza kuruhusiwa 2001 na starehe ikafuata Oktoba 2018. Kwa hiyo sina hofu ya sheria kama yako, nina mambo ya dawa. Nitajibu swali lako la pili maana wote wamelikimbia.

Inasaidia? Kidogo, kwa baadhi ya watu, na haijulikani mapema ni nani. Mwaka 2017 taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani ilipitia tafiti zote ikasema upo ushahidi wa maana kwamba inapunguza maumivu sugu kwa watu wazima. Uingereza wakaangalia suala lile lile 2019, wakawaambia madaktari wasiiandike kwa maumivu sugu. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu nacho kikakataa kuiunga mkono. Wataalamu hawa wote si wajinga. Wanachobishania ni kwamba nafuu ipo lakini ni ndogo, tafiti ni za wiki chache, na madhara yanaonekana. Maumivu ya neva kama yako ndiyo yanayoonekana kujibu zaidi kuliko ya viungo. Wagonjwa wangu wengi wa mgongo hawasemi kwamba maumivu yameondoka. Wanasema yamesogea mbali kidogo, na wamelala. Kwa hiyo zile saa saba zako nakuamini, ila jiulize kama uliponywa mgongo au ulilazwa usingizi, kwa sababu usingizi una dawa nyingine.

Kuhusu ugali: ulifanya kosa ambalo kila mtu hulifanya. Ya kuvuta inapanda ndani ya dakika chache. Ya kula hupita tumboni na kwenye ini kwanza, huchukua nusu saa hadi saa mbili, halafu inakaa saa sita, nane, hata zaidi. Anayeanza hupewa miligramu 2.5 za THC, yaani kile kinacholevya, usiku, na hairudiwi siku hiyo. Pipi nyingi za dukani zina 5 au 10. Wewe ulimeza yote, na nadhani unatumia dawa ya presha kama wanawake wengi wa umri wetu. THC huenda ikakuangusha ukisimama ghafla. Na kwa yeyote anayesoma hapa anayetumia wafarini ya kuyeyusha damu: CBD huipandisha, usichanganye bila kupimwa damu.

Lakini ninachotaka kukwambia hasa ni hiki. Umetaja ibuprofeni, gabapentini, oksikodoni, sindano. Sijaona duloksetini, ambayo ni dawa ya sonona inayotumika pia kwa maumivu ya neva na ya mgongo, na maadamu ibuprofeni umeacha, daktari anaweza kuifikiria. Sijaona mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Sijaona mtu aliyekuuliza gabapentini unaimeza saa ngapi. Unafanya kazi usiku, huenda unaimeza kabla ya zamu kwa sababu karatasi imeandikwa "jioni". Jioni yako ni saa mbili asubuhi, mama.

---

BintiTarime

Mfamasia, nimesoma sentensi ya mwisho nikakaa chini. Naimeza saa moja jioni. Miaka miwili naimeza saa moja jioni, halafu naingia zamu saa tatu nikiyumba. Na ya presha ninayo, umenijuaje?

---

NesiKandaYaZiwa

Shikamoo dada. Nimechelewa kuona huu uzi. Nafanya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu ya wenye magonjwa mazito, wagonjwa wangu wengi ni wa saratani, na wengi wa hao ni akina mama wa shingo ya kizazi. Nijibu habari ya mdogo wako.

Usimletee. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haina mlango wa kadi ya Pennsylvania, na ofisa wa uwanja wa ndege hatakuuliza mgonjwa wako anaumwa nini. Utaozea ndani na yeye ataumia akiwa peke yake.

Halafu niulize jambo: anapewa nini sasa hivi? Kama anapewa paracetamol na tramadol, hajafika kwenye dawa yake. Kwa maumivu ya saratani ipo morfini ya maji, ya kunywa. Watu wakisikia jina wanakimbia, wanadhani ni ya mtu anayekata roho. Si kweli. Uganda waliianza 1993 na Hospice Africa ya Daktari Anne Merriman, wagonjwa wakanywa majumbani kwao, wakalima, wakaenda sokoni. Kwetu Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wanaitumia miaka mingi, na hospitali za rufaa zenye kitengo cha saratani wanaijua. Hunywewa kila baada ya saa nne, ya usiku huongezwa ili mgonjwa asiamke, na lazima apewe dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, hilo usisahau kumwambia. Mwambie aende kwenye kitengo cha saratani, aulize kwa jina: tiba shufaa. Asiseme "naumwa", aseme "silali, na usiku huu niliamka mara tano". Sisi manesi tunaandika namba. Mgonjwa wa Kisukuma au Kikurya atakwambia "naendelea vizuri" huku jasho linamtoka.

Nauli ya kumleta kliniki na mtu wa kumsindikiza, hiyo ndiyo mtumie.

---

MkulimaDodoma

Mimi nimesoma yote. Nilikuwa sijui habari ya hiyo morfini. Marehemu mama yangu alikufa akilia wiki tatu. Dada, samahani kwa lile neno.

---

BintiTarime

Mkulima, yamekwisha kaka. Pole sana kwa mama.

Wadau, ni wiki ya saba leo, nimerudi kuwapa mrejesho maana nachukia nyuzi za watu wanaouliza halafu wanapotea. Msimamizi ameificha aya ile kwa siku mbili kisha imerudi yenyewe, mtandao huu una mapepo. Wakili nimemwona, dola 100 kwa nusu saa. Alisikiliza yote, pamoja na ugali, akacheka kidogo akaomba radhi. Ameniambia nisilipie kadi, nisiguse tena, na fomu atajaza yeye nikiwa nimekaa mbele yake. Kuhusu kile kilichokwisha kufanyika kanipa maelekezo yake, hayo yatabaki kwetu wawili, nimejifunza.

Sitawadanganya kwamba nimekubali kwa moyo mweupe. Nina hasira. Daktari wangu, mwenye leseni, kaniandikia dawa ambayo jirani yangu mzaliwa wa hapa anaipanga foleni kununua mchana kweupe, kwenye duka wanaloliita dispensari (usifikirie dispensari ya kijijini yenye nesi na mizani ya watoto, hii ina taa kama za duka la simu na mlinzi anayekagua kitambulisho). Jirani yule mgongo wake na wangu ni diski zile zile. Yeye anauliza itamsaidia kiasi gani. Mimi nauliza itanigharimu nini.

Gabapentini nimeihamisha asubuhi nikirudi. Tofauti niliiona wiki ile ile: kazini siyumbi, na nikilala nalala saa nne, tano hivi. Duloksetini nimeanza, wiki mbili za kwanza kichefuchefu kitupu, sasa afadhali. Mtaalamu wa mazoezi ni binti mdogo anayenilaza kifudifudi na kunifanya niinue kifua kama mjusi kwenye jiwe. Naona haya, lakini kidole gumba cha mguu hakiungui tena kila siku. Paja bado. Na nimegoma kunyanyua mtu bila mashine. Meneja alinuna, kisha zikaja betri mbili mpya. Miaka miwili nilikuwa nadhani betri ni jambo la kuomba.

Baba Mwita nimemwambia kila kitu. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama ile pipi ilikuwa na ladha gani. Embe, nikamwambia. Hajasema neno tangu siku hiyo.

Mdogo wangu alipelekwa kliniki na shemeji. Walimwandikia ile ya maji, na ya choo pia, Nesi nilimwambia kama ulivyoagiza. Jana simu yake imeita saa tisa alasiri nikiwa nimelala, kwao ni saa nne usiku. Nilishtuka nikajua tayari. Kumbe ametoka kuamka, amelala tangu jioni, na anauliza zile pesa za nauli zilizobaki kama anaweza kununulia sato.